Elkana wa Ukerewe

Somo: 1 Samweli 1:1-18

Hana alikuwa mke asiye na mtoto. Penina, mke mwenzake, alimchokoza hadi akalia na kuacha kula. Lakini Elkana hakumrudisha mkewe kwao. Alimpa sehemu yake mezani, akamwuliza kama yeye mumewe si bora kwake kuliko wana kumi.

Ng'ambo ya maji, ukitazama kutoka ufukwe wetu wa Busega, kiko kisiwa cha Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma seminari, akawa katekista. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hawa nao hawakuwa na mtoto. Ndugu za mume wakamsimanga Bugonoka, wazazi wake wakaja kumchukua. Myombekere akamfuata ukweni, akatozwa pombe ya ndizi, akailipa. Kisha wakatafuta tiba pamoja, na hatimaye wakapata mtoto wa kiume na wa kike.

Maisha ya mwandishi yangetosha riwaya nyingine. Yeye na mkewe Anna walizika watoto wao, wakazeeka wawili. Kitabu nacho kilikosa mchapaji kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache, basi mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki, kabla ya kukishika mkononi.

Kwa hiyo faraja aliyowapa Myombekere na Bugonoka, yeye hakuipata. Lakini hakumwacha Anna.

Akina Bugonoka tunao Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu. Ukoo hukaa kikao juu yao. Mke hupelekwa hospitali peke yake, ilhali tatizo laweza kuwa kwa mume. Hata kanisani hatujapona: kuhani Eli alimwona Hana akiomba, akadhani amelewa. Nasi husema, "Huyo ana dhambi gani?" kabla ya kuuliza anaumwa wapi.

Mungu alimpa Hana mtoto. Wengine hawakupewa, na si kwamba imani yao ilipungua. Agano la ndoa halikufungwa na mtoto, bali na mume na mke mbele za Mungu.

Ndugu mume, mama yako akianza maneno leo jioni, usinyamaze. Simama upande wa mkeo, kwa heshima, naye akusikie. Jumapili njema.