Mtoto Mlangoni pa Msikiti

 

Kyela ni njia ya wageni. Wako wavukao mto Songwe pale Kasumulu wakitoka Malawi, wako wafuatao mpunga na kakao, na wako wasafiri wa ziwani. Mgeni Mwislamu, katika nchi ambayo Waislamu ni wachache kuliko majirani zao Wakristo, akiuona msikiti huona amefika kwao. Lakini ni nani ampokeaye mlangoni? Aghlabu hapana mtu. Watu wazima wamekwisha shika safu, na mtoto aliyekuwapo amefukuzwa, ati anapiga kelele.

Hiyo siyo desturi ya Mtume (s.a.w.). Yeye alipowapita watoto aliwatolea salamu. Anas bin Malik (r.a.) aliingia katika utumishi wake akiwa na umri wa miaka kumi hivi, na kwa miaka kumi hakusikia kutoka kwake hata neno la kuguna. Amr bin Salama (r.a.) aliwasalisha watu wa kabila lake naye ni mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa aliwapita kwa kuhifadhi Qurani. Aliyefaa kusimama mbele ya safu atashindwaje kusimama mlangoni?

Wazee wa Kinyakyusa nao walijua thamani ya rika. Ameeleza Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, kwamba wavulana wa miaka kama kumi walijenga kijiji chao wenyewe, wakajifunza humo kuishi na watu na kula pamoja. Vijiji hivyo havipo tena, ila rika lipo. Nalo likikosa kazi msikitini hupata kazi kwingineko.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Nchi hii ina mvua nyingi, hasa Machi hadi Mei, na mgeni huja na matope miguuni. Mtoto amsalimu, ampe maji, amwonyeshe pa kutawadhia, avipange viatu, kisha amwongoze penye nafasi pasipo kuruka shingo za watu. Binti afanye vivyo hivyo upande wa wanawake. Khatibu akianza kuhutubu, maneno yakome, maana hata kumwambia mwenzio "nyamaza" wakati huo ni upuuzi, kama ilivyothibiti katika Hadithi. Mchelewaji aonyeshwe nafasi kwa mkono. Na sala ikikimiwa, mtoto aache mlango aingie safuni.

Wala wasiwekwe watoto wa wenye mali kwenye salamu, na wa maskini kwenye ndoo. Hayo hutokea, nayo ni mabaya. Mwalimu wa madrasa na apange zamu, wawili wawili kila Ijumaa, na aliyetoa salamu wiki hii achote maji wiki ijayo.