Shangazi hakurogwa, tezi ndiyo ilikuwa imelala

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nina jambo la kifamilia ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, na nimepata ruhusa ya mwenyewe kulisimulia ila nisitaje jina. Nalisema kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zenye kesi kama hii na wenyewe hawajui.

Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Njombe. Mama wa hesabu yule, mkali lakini mcheshi. Basi mwaka 2017 akaanza kubadilika. Alikuwa anasahau majina ya wanafunzi, anasinzia darasani, na ukimuuliza swali jibu linachukua muda kutoka. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume. Uso ukavimba, akanenepa wakati hata chakula hali. Baadaye ikaja mbaya zaidi: akawa anasema majirani wanamwekea kitu kwenye maji, na usiku anasikia watu wanamsema dirishani.

Kazini wakasema anakunywa, akapewa barua ya onyo. Mume akahamia kwa ndugu zake. Sisi familia tukakaa kikao, na mnajua vikao vyetu vinavyokuwa: ikapitishwa kwamba shangazi karogwa. Ikachangwa hela ya mganga. Na mimi niliyesoma, ninayejifanya mjanja wa mjini, nilituma mchango wangu kwa simu bila kuuliza swali hata moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mganga akala hela, hali ikazidi. Desemba tukamleta Dar. Sasa hapo ndo pa kushangaza: joto la Dar la Desemba mnalijua, feni inazunguka, sisi tunatoka jasho, shangazi amevaa sweta na kujifunika kitenge juu! Kule Njombe kila mtu anavaa sweta, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona kitu. Huku ikaonekana wazi.

Tulimpeleka hospitali tukitegemea atapewa kitanda wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari kijana tu akamwangalia, akamuuliza maswali ambayo sisi tuliona hayahusiani kabisa. Mama, unasikia baridi? Choo kinapatikana vizuri? Nywele zinakatika? Sauti ilikuwa hivi tangu zamani? Akamgusa shingo, akagonga goti kwa kinyundo, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka akatuambia: huyu mama tezi yake ya shingo imelala.

Ngoja nieleze kama nilivyoelezwa na kama nilivyokuja kusoma mwenyewe baadaye.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi inaitwa thairoidi, ina umbo kama kipepeo. Inatengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili mzima: moyo upige vipi, chakula kichomwe haraka kiasi gani, joto liwe kiasi gani. Ubongo nao umo. Homoni ikipungua kila kitu kinapunguza mwendo: moyo, tumbo, ngozi, na fikra. Ndiyo maana mtu anasikia baridi, anafunga choo, anasahau, anakosa raha, na wengine wachache wanafika mpaka kuona na kusikia visivyokuwepo.

Tezi hii ina bosi wake huko chini ya ubongo, anaitwa pituitari. Akiona homoni ni chache anatuma ujumbe unaoitwa TSH, maana yake amka ufanye kazi. Tezi isipoitika anazidi kupiga kelele. Kwa hiyo ukipima damu ukakuta TSH iko juu sana na homoni yenyewe iko chini, jibu umelipata.

Kwa nini tezi inalala? Sababu inayojulikana sana kwetu, hasa nyanda za juu, ni ukosefu wa madini joto, ule unaoleta goita. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 serikali ilisisitiza chumvi iwekwe madini joto, na mama mjamzito akikosa madini hayo mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Sababu nyingine, ambayo ndiyo ya shangazi, ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1912, na wanaoupata zaidi ni wanawake.

Na wala si jambo geni. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Richard Asher aliandika kuhusu wagonjwa 14 walioonekana vichaa kumbe wana upungufu wa homoni hii. Wengi wao walipona akili baada ya kutibiwa tezi.

Kinyume chake pia kipo. Tezi ikizidisha homoni mtu anakonda huku anakula, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, halali, anafoka ovyo. Wengine macho yanatoka nje. Huyo naye mtaani ataambiwa ana majini.

Kuna na mengine mawili ningependa myajue.

La kwanza ni sukari kushuka. Ubongo una uzito kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na hauna ghala la maana la kuweka akiba. Mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini akakosa kula, sukari ikishuka chini ya 4, anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, anaweza hata kugombana na kondakta. Abiria wanasema mlevi huyo, mshusheni. Kumbe angepewa soda ya kawaida au maji ya sukari, mara nyingi ndani ya robo saa angekuwa anajitambua. Ila kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

La pili ni kifafa. Wengi tunajua kile cha kuanguka na kutoa povu. Lakini kipo kingine mtu haanguki: anakodoa macho, anatafunatafuna, anashikashika nguo, dakika moja au mbili, kisha anaamka hajui alipo. Hapo umeme wa sehemu moja ya ubongo umevurugika. Kule Mahenge, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu watu wa kifafa waliokuwa wametengwa, wengine wana makovu kwa kuangukia motoni bila mtu kuthubutu kuwagusa. Wadau, povu la kifafa haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa sahihi.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila mgonjwa wa akili ana tezi mbovu. Wengi hawana, na ugonjwa wao ni ugonjwa halali unaotaka matibabu yake. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu ya maneno yangu. Ninachosema ni kwamba mtu mzima aliyekuwa sawa akibadilika tabia, apimwe mwili kwanza kabla hajapewa jina. Angalieni na dalili za pembeni: baridi, uzito, jasho, sauti, kutetemeka, kupotelewa na fahamu kidogo kidogo. Kipimo cha TSH hakipo kila zahanati, najua, lakini nauli ya kwenda hospitali ya mkoa haifiki hata nusu ya tulichomlipa yule mganga.

Shangazi anakunywa kidonge kimoja kila asubuhi na maji kabla ya chai, na atakunywa maisha yake yote. Ilichukua miezi kama minne ndipo tukamwona yule wa zamani. Amerudi darasani. Mume hakurudi. Majirani aliowatuhumu, wengine mpaka leo hawamsalimii.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha kwa ule mchango. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hata mimi ningechanga. Tulikuwa hatujui. Sasa wewe unajua, waambie na wengine."

Basi ndo nimewaambia. Kama na kwenu lilishatokea la namna hii, semeni hapo chini, kuna mtu litamsaidia. Nawasilisha.