Hewa ya Wizi Katika Injini ya Gari la Kale

Gari la mwisho la Volkswagen Beetle ya aina ya kale liliundwa nchini Meksiko mwaka 2003, lakini magari hayo yangali yakitunzwa na wenyewe. Yanapozeeka, kasoro moja huyasumbua: gari likisimama, injini hutetemeka, mngurumo hupanda na kushuka, kisha huzimika. Likienda kasi, kasoro hiyo karibu haionekani. Mara nyingi sababu ni hewa inayopenya mahali pasipo njia yake.

Petroli huungua barabara ikichanganywa na hewa kwa kipimo cha gramu 14.7 hivi za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kabureta ndiyo inayopima. Hewa inayoingia mbele ya kabureta haikupimwa. Hivyo mchanganyiko hupungukiwa petroli na kuwaka kwa shida.

Kwa nini kasoro hudhihirika gari likiwa limesimama? Wakati huo kilango cha kabureta karibu kimefungwa, huku pistoni zikiendelea kuvuta. Kanieneo ya hewa ya nje, usawa wa bahari, ni milimita 760 za zebaki. Ndani ya bomba la kuingizia hewa hupungua kwa milimita 400 hadi 500 hivi. Tofauti hiyo huisukuma hewa ya nje katika kila ufa. Dereva akikanyaga mafuta, kilango hufunguka, tofauti hupungua, na hewa iliyopimwa huizidi mno ile ya wizi.

Injini za sentimita za ujazo 1,600 zilizoanza kutolewa mwaka 1970, zenye matundu mawili ya kuingizia hewa kila upande, zina viungo vya mpira katika bomba hilo. Joto na umri huupasua mpira. Ili kuutambua ufa, fundi hunyunyizia kila kiungo maji kidogo injini ikinguruma, akiepuka nyaya za plagi. Maji yakiuziba ufa kwa kitambo, mngurumo hubadilika. Petroli isitumike kamwe, kwani huweza kuwasha moto.

Dawa ni kubadili mpira au gasketi, kusafisha nyuso zinazokutana, na kukaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Kugeuza skrubu ya kabureta ili injini isizimike ni kuuficha ugonjwa tu: mchanganyiko uliopungukiwa petroli huweza kuunguza vali, na vali haibadilishwi bila kuifungua injini.