Ugonjwa Umepita, Moyo Je?

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, sisi watu wa Moi's Bridge tulikuwa tunatayarisha mashamba kwa kupanda mahindi. Tulifundishwa kunawa mikono, kuvaa barakoa na kukaa mbalimbali. Habari ya moyo na akili hatukufundishwa sana. Tena shida ya moyo haikai mahali pamoja. Ni kama shamba: leo linataka mbegu, kesho palizi, baadaye ghala. Anayetaka kusaidia lazima ajue ni majira gani.

1. Wakati wa hofu
Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uvumi ulikuwa mwingi. Watu walikosa usingizi, na aliyekohoa sokoni alikimbiwa. Wakati huo mtu anahitaji habari ya kweli kutoka kwa mtu anayemwamini, na kazi ya kila siku isiyokatika. Kumwambia tu "usiogope" hakusaidii.

2. Wakati wa dhiki
Miezi ilipopita, hofu ilipungua na mfuko ukawa mtupu. Shule zilifungwa, wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Walimu wengi wa shule za kibinafsi walikosa mshahara. Nyumba nyingine ziliingiwa na pombe na vita. Hapa mashauri matupu hayatoshi. Mtu mwenye njaa na deni la kodi ya nyumba anahitaji unga kwanza, halafu mtu wa kuongea naye. Mke au mtoto anayepigwa anahitaji mahali salama, wala asiambiwe avumilie tu.

3. Wakati wa msiba
Mazishi yaliwekewa mpaka wa watu 15, na mengine yalifanywa haraka haraka. Hakuna kukesha, hakuna kukaa pamoja. Kwetu sisi matanga ndiyo dawa ya kwanza ya mfiwa. Aliyenyimwa dawa hiyo alibaki na kilio ndani. Huyo anahitaji kulia na wenzake, hata kama miaka imepita. Familia inaweza kukaa siku moja, kumtaja marehemu na kusimulia habari zake.

4. Baadaye
Hapa ndipo wengi tunakosea. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Misaada ikakoma, watu wakasema, "Sasa tuko sawa." Lakini mtu akiwa vitani hasikii kidonda, anakisikia akishaketi. Biashara iliyokufa, shule iliyoachwa, deni lisilolipika, haya huja kulemea mtu wakati majirani wameshasahau. Tuliona hivyo pia kwa UKIMWI: kwanza hofu na aibu, kisha kuuguza, kisha yatima. Kila hatua ilidai msaada wake.

Tufanye nini?
Mtazame jirani yako. Kama kwa majuma mawili au zaidi halali vizuri, hali, amejitenga, amezidisha pombe, au hapendi tena yale aliyoyapenda, mtembelee. Usianze kuhubiri. Muulize, "Unaendeleaje kweli?" halafu nyamaza usikilize.

Akisema afadhali afe, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba karibu naye, na mpeleke kwa kituo cha afya. Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret inatibu magonjwa ya akili. Pia kuna simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Huu si ukosefu wa imani, wala si kurogwa. Ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu. Maombi na dawa havigombani.

Basi jumapili hii, ukitoka kanisani, usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwa yule ambaye siku hizi haonekani.