Alipiga Mayowe Mpaka Sauti Ikakauka, Lakini Filamu Ilihusu Nini?

Ukimpata mwanamke Mwingereza ambaye mwaka 1964 alikuwa na miaka 14, muulize kuhusu A Hard Day's Night, filamu ya kwanza ya Beatles. Kuna uwezekano mkubwa akuanzie na foleni, rafiki aliyekaa pembeni yake, halafu kelele. Hasa kelele. Wasichana walikuwa wakipiga mayowe ndani ya jumba la sinema kana kwamba wale vijana wanne wamesimama mbele yao, wakati ni picha tu kwenye skrini. Sasa ongeza swali la pili: filamu yenyewe ilihusu nini? Hapo usishangae akianza kusitasita.

Hebu tuangalie kinachotokea kichwani mwake.

Filamu ilizinduliwa tarehe 6 Julai 1964 kwenye ukumbi wa London Pavilion, Piccadilly Circus. Mwongozaji ni Richard Lester, picha ni nyeusi na nyeupe, na haifiki hata saa moja na nusu. Hadithi yake nyepesi: bendi inapanda treni kwenda London, inakimbizwa na mashabiki, babu yake Paul anawasumbua njia nzima, Ringo anatoroka karibu na muda wa kupiga muziki, mwishoni wanatumbuiza kwenye televisheni. Basi. Hadithi kama hiyo haina misumari mingi ya kuning'inizia kumbukumbu.

Kwa upande mwingine, mwili wa yule binti ulikuwa umewaka moto. Ukisisimka sana, mwili unamwaga homoni za msisimko kama adrenalini, na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inachangamka. Amigdala ni kama jirani mwenye kelele wa hipokampasi, ile sehemu inayosaidia kutengeneza kumbukumbu mpya. Inaiambia: hiki hapa ni muhimu, kihifadhi. Mwanasayansi wa Marekani James McGaugh alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi njia hii inavyofanya kazi. Ila msisimko una gharama yake. Unabana umakini kama tochi inayomulika sehemu moja tu: kilicho katikati kinahifadhiwa vizuri, cha pembeni kinapotea. Na kwa shabiki wa miaka 14, katikati palikuwa na uso wa Paul au George. Babu na treni yake ndio waliokuwa pembeni.

Umri nao una kazi yake. Watafiti wakiwauliza watu wazima matukio ya maisha yao, kumbukumbu hazigawanyiki sawasawa kwa kila mwaka. Zinarundikana kati ya miaka 10 na 30 hivi. Mimi nakuita kule "kilima cha kumbukumbu". Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Leeds, Catriona Morrison na Martin Conway, walikusanya kumbukumbu za watu zaidi ya 3,000 kuhusu Beatles, na kilima kikaonekana: nyingi zilirudi kwenye ujana. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni kwamba huo ndio umri ambao mtu anajiuliza "mimi ni nani?", na muziki unakuwa sehemu ya jibu. Pia mambo mengi yanatokea kwa mara ya kwanza. Sinema ya kwanza bila wazazi haifanani na sinema ya arobaini.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mimi binafsi naiona tamu kuliko zote. Siku hizo hakukuwa na kaseti za video majumbani, achilia mbali simu. Ukitaka kuiona tena, unarudi ukumbini. Na kumbi nyingi za Uingereza zilikuwa zikionyesha filamu mfululizo, kwa hiyo ukishakata tiketi ungeweza kubaki kitini mpaka izunguke tena. Mashabiki waliiona mara tatu, mara tano. Kisha ikaja kwenye televisheni, kaseti, DVD. Ubongo hauzipangi zile mara zote kwenye mafaili tofauti. Unazichanganya, unatoa "siku moja" nzuri iliyoshonwa kwa vipande vya siku nyingi. Marcia Johnson na wenzake wameandika sana kuhusu tatizo hili la kukumbuka jambo huku umepoteza chanzo chake. Na kumbuka, filamu hii inaishia na onyesho lenye wasichana wanaopiga mayowe ukumbini. Yaani binti anapiga mayowe akiwatazama mabinti wanaopiga mayowe! Baada ya miaka 60, ni rahisi kiasi gani picha hizo mbili kuungana?

Utasema: lakini yeye ana uhakika kabisa. Uhakika ndio mtego wenyewe. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi chuoni Emory jinsi walivyopata habari ile, chini ya saa 24 baadaye. Miaka miwili na nusu ikapita, wakawauliza 44 kati yao upya. Karibu robo walikosea kila jambo kubwa walilokuwa wameliandika wenyewe, na wengi bado walijiamini sana. Hii si stori ya sinema tu, maana mahakamani pia shahidi anayejiamini ndiye anayesikilizwa.

Je, tumwambie bibi kwamba kumbukumbu yake ni feki? Hapana, hilo nalo ni kosa la kisayansi. Kwamba alikuwepo, kwamba alifurahi, kwamba rafiki yule alikuwa wa maana kwake, kwa kawaida hayo hudumu. Kinachoyumba ni tarehe, ukumbi gani, nani alivaa nini.

Kuna na jambo lingine la kuchekesha. Carol Lynne Krumhansl na Justin Zupnick waligundua mwaka 2013 kwamba vijana wa chuo wana kilima kidogo hata kwa nyimbo za enzi za ujana wa wazazi wao. Muziki uliopigwa sebuleni ukiwa mtoto unaingia kwenye hesabu yako. Ndiyo maana hata wewe unaweza kuhisi umekosa enzi ambayo hukuwahi kuwa nayo.

Ukitaka kujaribu nyumbani, chagua bendi au filamu aliyoipenda mama au babu alipokuwa kijana. Muache asimulie kwanza, umrekodi, usimwonyeshe kipande chochote cha YouTube. Kipande ukionyesha kabla, kuanzia hapo hutajua tena anakumbuka ukumbi ule au simu yako.