Vita Huisha, Madhara ya Sumu Hubaki

Pengine una kaka au mjomba anayechimba madini upande wa Kapalamsenga, mkoani Katavi, nawe humtumia salamu na kumwuliza kama kazi inakwenda vizuri. Yafaa umwulize na swali la pili: anavuta hewa ya namna gani akiwa kazini? Ili tuuone uzito wa swali hilo, hapana budi turudi nyuma hadi vita vya Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Mnamo Desemba 1935, ndege za Italia zilianza kuwashambulia askari wa Mfalme Haile Selassie kwa sumu iitwayo gesi ya haradali, ingawa Italia ilikuwa imeridhia Mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza silaha hizo. Kwa hakika sumu hiyo ni majimaji mazito kama mafuta, nayo ilimwagwa juu ya majani na ardhi. Askari wengi walitembea miguu mitupu. Aliyekanyaga majani hayo hakusikia maumivu papo hapo. Saa kadhaa zilipita, ndipo ngozi ikafanya malengelenge, macho yakavimba na kifua kikabana. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva akaeleza yaliyowapata watu wake. Serikali ya Italia ilikiri rasmi mwaka 1996, miaka 60 baadaye.

Je, walionusurika walipona kweli? Jibu tumelipata zaidi kwa askari wa Iran, walioshambuliwa kwa sumu hiyo hiyo katika vita vyao na Iraki vya 1980 hadi 1988. Madaktari wameona kwao kikohozi kisichokoma, pumzi fupi, ngozi inayowasha, na macho yanayoharibika upya hata baada ya miaka 15. Wala si askari peke yao. Wafanyakazi wa kiwanda cha kisiwa cha Okunoshima, Japani, kilichotengeneza sumu hiyo hadi 1945, walipatwa na magonjwa ya mapafu, saratani ikiwamo.

Huko Katavi hakuna vita. Kapalamsenga ina shaba ardhini, na katika mkoa huo huo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, nao pia mara nyingi hauumizi siku ile. Mikono kutetemeka, usahaulifu na maradhi ya figo huja baadaye. Mama mjamzito akiivuta, humfikia mtoto tumboni.

Basi mwambie ndugu yako asichome zebaki jikoni wala karibu na watoto, atumie chombo kinachonasa mvuke, na nguo za kazi azivulie nje. Tena aandike katika daftari kazi aliyofanya, mahali na miaka, kisha amweleze daktari hata asipoulizwa. Kwa aliyeajiriwa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia maradhi yatokanayo na kazi, lakini hapana budi chanzo kijulikane. Sumu inayochelewa humkuta mtu amekwisha kuiacha kazi iliyomdhuru; asipokuwa na maandishi, ugonjwa wake utaitwa uzee.