Pikipiki Ndogo ya Kale na Asili ya Vipuri Vyake

Katika mikutano yetu na wakazi wa maeneo ya mipakani, vijana wenye vipaji vya ufundi huuliza kama ni kosa mtu kujiundia pikipiki kwa vipuri vilivyotumika. Jibu letu ni fupi: kuunda si kosa. Kinachoweza kumfikisha fundi mbele ya sheria ni mahali vipuri vyake vilikotoka, na mahali atakapoiendesha kazi ikiisha. Lakini jibu fupi halimfai mtu aliyekwisha kutoa fedha zake akanunua fremu, na ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa mapana, tukichukua mfano wa pikipiki ndogo za kale, zile za magurudumu madogo ambazo mtu mzima huonekana kuzichuchumalia.

Aina inayojulikana zaidi duniani ni Honda iliyopewa jina la "Monkey". Mwaka 1961 kampuni hiyo iliitengeneza kama chombo cha kuchezea watoto katika bustani ya burudani ya Tama Tech, karibu na Tokyo, kwa injini ya sentimita za ujazo 49. Toleo la mwaka 1967 lilikuwa na magurudumu ya inchi 5 na mikono ya usukani inayokunjwa ili iingie ndani ya buti la gari. Baadaye magurudumu yaliongezwa hadi inchi 8. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na Welbike, iliyokunjwa ndani ya kasha na kudondoshwa kwa mwavuli. Na sisi wa ukanda huu hatukukosa cha kwetu: chukudu ya Goma, inayochongwa kwa mti na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu, haina injini wala breki ya kiwandani, lakini imelisha familia nyingi. Fundi wa chukudu hajawahi kuhitaji kuambiwa maana ya kutumia kilichopo.

Mjini Kigali, anayetafuta vipuri huelekezwa Gatsata, wilayani Gasabo, hatua chache kutoka Nyabugogo, kando ya barabara iendayo mpaka wa Gatuna. Huko mtu atapata nyaya za klachi na breki, taa, viashiria, beringi, kabureta, plagi na mikono ya usukani, vingi vikiwa vimetolewa kwenye pikipiki za abiria za TVS na Bajaj zilizochoka. Vipuri hivyo vingi vinaweza kuhamishiwa kwenye pikipiki ndogo pasipo taabu kubwa. Injini haihamishiki hivyo. Silinda ya pikipiki ndogo ya kale hulala karibu sawa na ardhi, na injini yote huning'inia kwa boliti chache. Injini ya pikipiki ya abiria ya kawaida husimama wima, nayo haiwezi kuingia bila kukata fremu na kulehemu upya. Ushauri wetu ni kutafuta injini ya ukoo uleule, yaani ile ya Honda za C50, C70 na C90 ambazo wazee wengi wanazikumbuka, au mojawapo ya injini za Kichina zilizotengenezwa kwa kufuata umbo hilo. Fremu iliyokatwa na kuungwa na fundi asiye na uzoefu huvunjika shingoni, na haivunjiki ikiwa imeegeshwa.

Mnyororo nao una hila yake. Pikipiki ndogo hutumia mnyororo wa kipimo cha 420; za abiria hutumia zaidi ule wa 428. Umbali kati ya pini na pini ni uleule, kwa hiyo mnyororo mpana hukaa juu ya sproketi nyembamba kana kwamba umetengenezewa hapo. Ukishika mwendo, huyumba upande hadi upande, hula meno, na siku moja huchomoka. Kinachoingia si lazima kiwe kinafaa.

Hata hivyo, linalotutia wasiwasi zaidi ni breki. Vijana wengi hupenda kuweka injini ya sentimita za ujazo 110 au 125 katika fremu iliyobuniwa kwa 49, huku wakiacha breki zilezile ndogo za ngoma. Hesabu yake haina huruma: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Anayeongeza injini na aongeze breki kwanza. Tairi nazo zichunguzwe, kwani zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi isiyo na tarakimu hizo, hata kama ina meno mazuri, huenda ikawa na umri kuliko mwendeshaji. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana huenda lina asbesto, inayodhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Kabla ya kulehemu tangi la petroli tunasihi hadhari kubwa. Tangi lililoonekana kukauka ni la hatari zaidi, kwa sababu mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja. Kazi hiyo apewe fundi anayejua kulisafisha na kuutoa mvuke wote kwanza.

Sasa tugeukie asili ya vipuri. Mwizi wa pikipiki anajua kwamba pikipiki nzima ina nambari ya fremu, nambari ya injini na bango la usajili, na kwamba polisi wa nchi jirani hushirikiana kupitia EAPCCO na kanzidata ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Kwa hiyo huifungua. Usiku mmoja unatosha kuigeuza kuwa magunia mawili ya vyuma yanayoweza kuvuka mpaka juu ya baiskeli. Nyuma ya magunia hayo yupo motari ambaye pengine aliipata pikipiki yake kwa mkopo, na ambaye ataendelea kulipa kila juma deni la chombo ambacho hakipo tena, huku watoto wake wakisubiri karo. Kabureta ya bei ya chini isiyo na maelezo huenda ni kipande cha maisha ya mtu huyo.

Kwa hiyo mnunuzi atazame nambari kabla ya kutazama rangi. Nambari ya fremu kwa kawaida hugongwa kwenye shingo, pale usukani unapopita. Ya injini hugongwa kwenye kasha lake. Pikipiki za kale huwa na nambari fupi, tofauti na zile za herufi na tarakimu 17 za siku hizi, kwa hiyo ufupi peke yake si dalili ya wizi. Dalili ni sehemu iliyosagwa ikang'aa, rangi mpya mahali padogo tu, au tarakimu zisizolingana kwa kina na mstari. Wapo wanaodhani kwamba kusaga kunafuta kila kitu. Chuma kinapogongwa muhuri, hubanwa hata chini ya alama inayoonekana. Mtaalamu akipaka kemikali maalumu, sehemu iliyobanwa huitikia tofauti na chuma kilichoizunguka, na nambari iliyofutwa mara nyingi husomeka tena.

Kila ununuzi, hata wa kipuri kidogo, uandikwe: jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho chake, tarehe, kipuri chenyewe na nambari yake kama ipo, na bei. Tunajua kwamba wauzaji wengine hukasirika wakiombwa karatasi. Muuzaji wa namna hiyo ana jambo asilotaka liandikwe, na bei yake nafuu haipaswi kumshawishi mtu. Injini na fremu zisinunuliwe kamwe bila hati zake za awali, ikiwemo kadi ya usajili ya chombo zilikotoka.

Kwa ndugu zetu wa Gatuna, Rusumo, Rubavu na Rusizi lipo jambo moja linalowakwaza wengi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 kupata cheti chepesi cha asili mpakani. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Maharagwe ya Kisoro yanastahili. Injini ya Japani iliyonunuliwa Kampala haistahili, hata kama imekaa huko miaka 20. Itangazwe kwa forodha na kulipiwa inavyopasa, na risiti yake ihifadhiwe pamoja na zile za ununuzi, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa baadaye.

Pikipiki ikikamilika, isiingie barabara ya umma bila usajili, bango na bima. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ndiyo inayosajili vyombo vya moto, na fundi afike huko na faili lake la karatasi kabla ya kuanza kazi, si baada ya kupaka rangi, maana akiambiwa kwamba fremu yake haisajiliki atakuwa bado hajatumia fedha nyingi. Isiyosajiliwa inaweza kukaa uani au kuendeshwa ndani ya kiwanja binafsi, mwendeshaji akiwa amevaa kofia ngumu. Udogo wake usimfanye mzazi aione kuwa kitu cha kuchezea barabarani: dereva wa lori haioni kwa urahisi, hasa dereva aliyetoka Uganda au Tanzania anakoendesha upande wa kushoto, na ambaye kilomita chache tu zilizopita amehamia upande wetu wa kulia.

Aliyekwisha kununua kipuri kisha akagundua kwamba nambari yake imesagwa, asikiuze wala kukitupa mtoni. Akilete kituo cha polisi kilicho karibu pamoja na karatasi yoyote aliyo nayo, au apige 112 bila malipo na kueleza alikipata wapi. Maelezo yanayotolewa mapema na kwa hiari yanamsaidia mpelelezi, na yanamsaidia zaidi aliyeyatoa.